Bakuli Nililovunja Mlangoni

Hagi, 8 Novemba

Kwako Dada Fumiyo,

Hujambo, na goti lako je? Natumaini limetulia, na shemeji bado anakuchosha na redio yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeniingia hadi mifupani. Nakuandikia nikingoja treni, karatasi iko mapajani, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Kwenye simu nilikudanganya kwamba ninakuja kuoga maji ya chemchemi. Nilikuja kununua bakuli la wali. Tangu asubuhi nimezunguka maduka ya vyungu, naingia, nashika, narudisha rafuni. Kila duka lina watu wawili wawili wakishauriana rangi. Nilijiona mpweke mno, nikakaribia kurudi mikono mitupu.

Duka la mwisho ni la Mama Okabe, mwanamke mnene asiyepumzisha mdomo. Nilimwomba bakuli dogo la kike. Akaleta mawili, kubwa na dogo, yamefungwa pamoja kwa kamba. Nikamwambia nataka dogo peke yake.

“Weee, mama! Haya ni ya mume na mke. Ukichukua dogo, hili kubwa nimwozeshe nani?”

Wateja wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Akataka kujua mzee amenikosea nini hata nimnyime bakuli. Nikamjibu kwamba analo lake, tulilinunua hapa hapa Hagi wiki tuliyooana. Lilinitoka tu, Dada, utadhani Mamoru yuko nyumbani anaulizia chai. Akaniuliza limekuwaje sasa. Nikamweleza kwamba lilikuwa jeupe kama maziwa, na kwa miaka thelathini na moja chai na mchuzi vimelipenya mpaka likawa na rangi ya asali. Mama Okabe aliniangalia, akaacha mzaha. Akasema bakuli la namna hiyo si la kutafutiwa mwenzake dukani, akakata kamba.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni. Siku ya mazishi, jeneza likitolewa, ulinituma jikoni nilete bakuli la Mamoru nilivunje mlangoni, asije akageuka njiani kutafuta chakula chake. Nililileta limefungwa kitambaa, nikalipiga jiweni. Wewe ulisimama nyuma yangu, ukasema vyema, sasa ataenda salama.

Lile lilikuwa langu, Dada. La kwake nilikuwa nimelifukia kwenye pipa la mchele.

Nilitaka ageuke. Miezi kumi hii nimekula katika bakuli lake, na kila jioni naacha mlango bila komeo. Hajaja. Anayekuja ni paka wa jirani. Na siku nyingine naogopa kwamba kweli amekwama njiani, si huku wala kule, kwa sababu yangu.

Januari anatimiza mwaka. Njoo, tafadhali. Nitalivunja hilo lake, maana sasa nina la kwangu la kulia wali. Kabla sijalifunga kitambaa ulitazame mwenyewe, usiniamini tena. Na safari hii usisimame nyuma yangu. Nishike mkono, peke yangu siwezi.

Msalimie shemeji, umwambie apunguze sauti. Usinijibu kwa simu, nitalia. Niandikie tu siku utakayofika, nije kukupokea kituoni.

Mdogo wako,
Chizue