Daftari la Mipaka na Programu Isiyotoka

Bunia, mtaa wa Ngezi, Jumanne tarehe 14 Oktoba. Mvua imenyesha tangu saa moja asubuhi, nyembamba, isiyo na haraka, na njia ya mbele ya nyumba imekuwa uji mwekundu. Ni mwaka wa ishirini na tatu tangu niteremke kutoka kilimani kwetu.

Naandika haya kwa simu, kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Kompyuta ipo mezani, nimeifunika kitambaa. Sitaki kuiona leo.

Ninyi mliosoma kwangu, mlioko Kampala na Kisangani na kwingineko, mnaonipigia simu nikinyamaza wiki mbili, mnajua habari ya daftari la mipaka. Wengine hawajui, kwa hiyo nianze hapo.

Kilimani kwetu hakuna aliyekuwa na hati ya shamba. Mpaka ulikaa mdomoni, na ulikuwa na sheria yake: mtu hasemi mpaka wake mwenyewe. Mpaka wako husemwa na jirani wa upande wa pili, na wewe husema wa kwake, mkiwa mmesimama pamoja. Ukisimama peke yako ukasema langu linaishia hapa, hata kama ni kweli, wazee watakuangalia kama mtu anayejisifu msibani.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaita majirani hao wawili wawili, hapa Bunia, chumbani kwangu. Wengine walikuwa hawajaonana tangu siku ya kukimbia vita. Wengine walikuwa na sababu nzuri ya kutoonana. Walikaa, wakanywa chai, kila mmoja akasema mpaka wa mwenzake, mimi nikaandika. Kwa mfano: shamba la mama Lotsove linaanzia kwenye jiwe la kunolea visu, linashuka na mstari wa mikaratusi mpaka mti wa mwisho, hapo linageuka, halifiki kijitoni. Aliyesema hivyo ni muzee Ngabu, jirani yake, ambaye shamba lake ndilo linalofika kijitoni kwa upande wa chini.

Au ndivyo ninavyokumbuka. Nitafika huko.

Yalikuwa mashamba mia moja arobaini na mawili. Niliyaandika kwanza katika madaftari ya shule, kisha nikayaingiza katika kompyuta, kisha madaftari nikayachoma moto nyuma ya jiko. Msishangae. Karatasi yenye majina ya watu, koo zao na mahali wanapokaa ikikutwa ndani ya mfuko kwenye kizuizi cha barabarani, hakuna atakayekuuliza uliiandika kwa nia gani. Wazee wenyewe waliniomba. Walikubali kusema kwa sharti kwamba karatasi isibaki. Kwenye mashine, walisema, hakuna mtu wa kizuizini atakayejua kutafuta.

Keshokutwa, Alhamisi, wazee wetu wanapanda kilimani pamoja na chifu, kurudisha kila jamaa kwenye shamba lake. Ngabu ndiye anayewaongoza. Mimi nilikuwa nipande nao na daftari limechapwa, nakala moja tu, ya kuchomwa baada ya kusomwa.

Sasa habari ya programu.

Kompyuta hii nilipewa na mkwe wangu miaka mitatu iliyopita, mpya, ndani ya katoni. Ilikuja na vitu ambavyo hakuna aliyeviomba: mchezo wa karata, duka, hali ya hewa ya miji nisiyowahi kukanyaga, msaidizi anayejibu maswali ambayo sijauliza, na programu moja yenye alama ya wingu. Hiyo ya wingu, siku ya kwanza, ilichukua sanduku langu la maandishi ikaliweka chini yake, ikaanza kupandisha kila kitu huko juu inakokujua yenyewe.

Sikuiita. Wala sikupata nafasi ya kuikataa. Dirisha lake lilikuja na vitufe viwili, kwa Kifaransa: «Oui» na «Plus tard». Ndiyo, au baadaye. Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja, na sijawahi kutunga swali lenye majibu mawili ya namna hiyo.

Nilibonyeza baadaye kila asubuhi kwa muda mrefu. Siku moja, nadhani kwa uchovu, nilibonyeza ndiyo. Ikaniomba nambari ya simu. Nikaipa.

Tangu hapo nikinunua mega za intaneti za kuongea na binti yangu, yenyewe inakula kwanza. Mwezi uliopita ikaanza kunionya kwa maandishi mekundu kwamba nafasi imejaa, nilipe au niondoe vitu. Onyo lilikuja juu ya maandishi yangu, katikati ya sentensi, mara tatu kwa saa.

Nikaamua kuitoa. Ipo orodha ya programu zote, na mbele ya kila moja kuna kitufe cha kuiondoa, cheusi. Mbele ya hii kitufe ni cha kijivu. Kipo, kinasomeka, lakini hakibonyezeki. Nilikibonyeza hata hivyo, mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Ijumaa nikafanya kosa.

Nilijiambia: kama programu haitoki, nitatupa sanduku lake. Mgeni akikataa kuondoka, mtolee mkeka nje. Nikalichukua lile sanduku la wingu, nikalitia kwenye pipa la taka, nikamwaga pipa. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nilidhani daftari langu lipo pangu, na kule juu ipo nakala tu. Sikujua kwamba pangu palikuwa pameshaitwa pake.

Jumamosi nilipoiwasha, programu ilikuwapo, nzima, imejitengenezea sanduku jipya. Ikanikaribisha kwa jina langu. Ndani hamkuwa na kitu.

Jumapili nilikwenda kanisani na sikumbuki kilichohubiriwa.

Jana Jumatatu nikaibeba mashine hadi mtaa wa Mbunya, kwa madame Kavira, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ni mama wa makamo, familia yake ilitoka Butembo, na ameona kompyuta mbaya kuliko yangu. Aliiangalia kwa muda, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Papa, hii haitokake," akasema. "Iko ndani ya système. Ukiifukuza leo, kesho inarudia. Yeye njo mwenye nyumba, weye uko locataire tu, mpangaji."

"Na kama nikilipa fundi?"

"Fundi atakula argent yako, na yeye pia iko nayo kwake. Siye wote tuko nayo."

Lakini alinipa tumaini. Kule juu, alisema, programu ina pipa lake la taka, na vitu hukaa humo siku thelathini kabla ya kumwagwa. Ilitakiwa tu kufungua mlango. Nilikuwa nimesahau neno la siri. Si neno, akasema, itatuma tarakimu sita kwenye simu uliyoiandikisha.

Simu ile ilitumbukia chooni mwaka juzi. Nambari nikaiacha ife.

Madame Kavira alifikiri kidogo, akapiga ile nambari ya zamani. Ikaita. Mwanaume akapokea, nyuma yake mashine za kusaga mawe zikinguruma. Alikuwa mchimba dhahabu, mahali fulani kaskazini. Kampuni ya simu ilikuwa imempa nambari yangu. Madame akabonyeza ili tarakimu zitumwe, akanipa simu.

"Kijana wangu," nikasema, "nambari hii zamani ilikuwa yangu. Sasa hivi umepata message ya chiffres sita. Nisomee tu."

"Eh, muzee. Chiffres sita."

"Sita tu."

"Mwezi ule mwenzangu hapa alisomea mama moja chiffres sita. Pesa yote ya mu simu ikaenda. Na yule mama alikuwa na sauti muzuri kupita yako."

Madame Kavira akachukua simu. "Weye jina yako nani, kaka?"

"Unaona? Sasa munataka na jina."

Nikairudisha sikioni nikamweleza. Nilimweleza yote: kilima, majirani wawili wawili, madaftari niliyoyachoma, Alhamisi. Nilisema kwa Kiswahili kizuri, polepole, kama mtu anayesimama mbele ya hakimu. Nilisikia mashine zikinyamaza, nadhani alitoka nje ili anisikie.

"Muzee," akasema mwishowe, "kama ni kweli, Mungu atakurudishia. Kama ni uongo, Mungu iko anakuona. Mi siwezi."

Akakata.

Madame Kavira alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaona uso wangu akaacha. Siwezi kumlaumu yule mtu. Ni mimi niliyeandika kwenye ukurasa huu, mwaka jana, kwamba msimsomee mtu yeyote tarakimu za siri, hata akijifanya mwalimu wenu. Mlinisifu sana.

Tulipiga tena, hakupokea. Tukaomba tarakimu mara ya pili, ya tatu, tukijaribu kubahatisha, jambo ambalo ni aibu hata kuliandika. Mara ya tano mashine ikasema majaribio yamezidi, mlango umefungwa kwa usalama wangu. Siku thelathini.

Nilitupa daftari Ijumaa. Mlango ulifungwa Jumatatu. Pipa litamwagwa siku tatu kabla ya mlango kufunguliwa.

Madame Kavira aliandika ombi la msaada kwa Kifaransa safi kuliko changu. Jibu lilikuja papo hapo, refu, la adabu, na mwisho wake lilitushauri tuingie kwanza kwa tarakimu sita. Hakutaka malipo yoyote. Alinifungia mashine katika mfuko wa plastiki kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika.

Nani nimkasirikie? Hilo ndilo linalonichosha kuliko kupotea kwenyewe. Watu walionitoa kilimani walikuwa na nyuso, na baadhi yao nilikuwa nimewafundisha kusoma. Hapa kila mtu amefanya lililo sawa. Mchimba dhahabu amelinda pesa zake. Programu imefanya nilichoiambia. Mashine iliuliza kama nina hakika.

Leo asubuhi muzee Ngabu alikuja katika mvua hii hii, viatu mkononi. Nilikuwa nimeshampelekea habari. Alikaa, akakataa chai, kisha akainywa.

"Directeur, twende tu," akasema. Watu hapa bado wananiita hivyo, tangu nilipokuwa mwalimu mkuu. "Tukifika pale, macho yenyewe itakukumbusha."

Nilimwomba waahirishe, tuwaite tena majirani, tuanze upya. Akatikisa kichwa. Chifu amekwisha kupanga, gari limekwisha kupatikana. Na kuwaita akina nani? Wawili wawili wale, katika jozi nyingi, mmoja amekwisha kufa. Mama Lotsove tulimzika mwezi wa saba.

"Haya," nikasema, "tujaribu. Mpaka wa Lotsove na wewe uko wapi?"

"Kwenye jiwe ya kunolea visu. Inashuka na mikaratusi, inageuka pale kwa mti ya tano. Kijito yote iko kwangu."

Mti wa tano. Miaka miwili iliyopita, katika kiti kile kile, mama Lotsove akiwa amekaa upande wa pili wa meza, Ngabu huyu huyu alisema mti wa mwisho. Na mti wa mwisho ulikuwa wa tisa. Nakumbuka hivyo. Lakini nilipotaka kumwambia, sikuwa tena na hakika kama tisa ni idadi ya miti yake au ya shamba lingine, la juu, ambalo pia lina mikaratusi. Mashamba mia moja arobaini na mawili, na mimi nina miaka sabini na sita.

Ngabu hadanganyi. Namjua tangu tukiwa na kaptula. Alisema mti wa tano kwa sauti ya mtu anayeuona. Shamba lake limekua ndani ya kichwa chake tangu pasiwe na mtu wa kulisema kwa niaba yake, na halina karatasi ya kulizuia. Keshokutwa wana wa mama Lotsove watasimama pale na idadi yao ya miti, nao pia hawatakuwa wakidanganya.

Sikumbishia. Kwa karatasi ipi?

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba wakifika mahali penye idadi mbili wasipime, waache pori mpaka watu watulie. Alisema ndiyo, Directeur. Alisema upesi mno.

Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliepuka tangu Jumamosi. "Na lako?"

Langu lilisemwa na Pilo, jirani yangu, chumbani humu, huku akikohoa. Pilo alifariki hospitalini Nyankunde mwezi wa nne. Maneno yake nayakumbuka yote, moja baada ya jingine, bila kusita, kuliko ninavyokumbuka ya mtu mwingine yeyote. Bila shaka nayakumbuka. Ni shamba langu.

Hiyo ndiyo sababu siwezi kuyasema. Nimewaketisha watu wengi katika kiti kile na kuwaambia wafunge midomo juu ya mashamba yao wenyewe, nikamsikia Ngabu leo akifungua wake, nikaona kinachotokea. Sitapanda kilimani nikawe wa pili.

Nilimjibu Ngabu kwamba langu halina msemaji. Alinielewa. Alivaa viatu vyake mlangoni, akivuta muda kwenye kamba, labda akitaka niseme zaidi.

Gari linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, na kiti changu nimewapa wana wa mama Lotsove, ili angalau mmoja wao asafiri akiwa ameketi karibu na Ngabu, waongee njiani kabla ya kufika kwenye miti.

Mvua bado. Mimi nabaki Bunia. Sitarudi kilimani.