Bahasha ya Ndani

Trudy uko wapi?? Pokea simu!

Kura yangu imekufa. YANGU MIMI.

Si unajua nimezunguka mji huu wa Erie mwezi mzima nagonga milango, "Kura ya posta ina bahasha mbili, ukisahau ya ndani haihesabiwi." Kila mlango. Mpaka mbwa wananijua.

Leo asubuhi, siku yenyewe ya uchaguzi, nainua sahani ya matunda jikoni, bahasha ya ndani hii hapa. Tupu! Kura niliituma wiki mbili zilizopita, kumbe ilikwenda uchi wa mnyama.

Na nchi nzima inasema jimbo letu la Pennsylvania ndilo litakaloamua rais!

Nimekimbia kituo cha kupigia kura na ndala, theluji yote hiyo. Kwenye meza ya wasimamizi kakaa nani? Mzee Stanko. Yule aliyenifungia mlango nilipomsomesha habari za bahasha: "Binti, mimi napiga kura tangu mama yako hajazaliwa."

Nikamnong'oneza shida yangu. Yeye akapaza sauti foleni nzima isikie: "Umesahau ya NDANI? WEWE?"

Trudy, watu walicheka. Padri alicheka.

Basi akanipa kura ya muda, ile wanayoihesabu wakishahakikisha ya kwanza imekataliwa. Nayo ina bahasha zake mbili. Nikajaza, nikafunga, nikamkabidhi, nikageuka niondoke haraka.

"Binti."

Nikageuka. Kanyanyua kitu juu, kila mtu akione.

Bahasha ya ndani. Tupu.