Riwaya yangu ina saini mbili, fundi cherehani anasema ni tatu

Mpendwa mshauri, naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaamua kama nina adabu au sina, maana watu wazima watatu wameshaamua, na mmoja wao ni mama yangu mzazi.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza shule miezi miwili iliyopita na nasubiri matokeo. Shuleni waliniita Kimya kwa sababu sikuwa nasema, yaani hata majina yakiitwa asubuhi nilikuwa nainua mkono tu na jirani yangu wa dawati ndiye aliyekuwa ananiitikia, lakini nilikuwa naandika, na mwaka wa mwisho niliandika riwaya nzima ya taharuki, madaftari matano, nikayafunika kwa karatasi ya kaki na juu nikaandika "Kemia" ili mtu yeyote asiyafungue kwa hiari yake.

Riwaya inahusu wazazi wa shule moja wanaoficha mambo mazito. Mwalimu wa hesabu anapotea siku ya mahafali, na wazazi wawili waliomwona mara ya mwisho wanamwandikia mkuu wa shule barua ya uongo kwamba alikuwa mlevi na ametoroka, wanatia saini, halafu nakala yake wanaishonea ndani ya bitana ya koti. Yote hayo nilitunga. Ni kweli nilipokuwa naandika nilimfikiria mwalimu wetu wa jiografia aliyefukuzwa miaka miwili iliyopita, lakini nilichukua mwendo wake na kikohozi chake tu, basi, kwa sababu nilimpenda, alikuwa mwalimu pekee aliyeniruhusu kujibu swali kwa kikaratasi, naye akikisoma mbele ya darasa kana kwamba nimesema mimi.

Madaftari yakazunguka. Wasichana waliyasoma kwenye foleni ya chakula, na hata tulipomaliza shule walikuwa wakinivizia njiani, "Kimya, daftari la nne liko kwa nani? Nitakufa kabla sijajua!" Daftari la nne lilikuwa kwa binti wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule baba mwenye duka la dawa, na baba akalikuta kwenye mkoba wa mwanawe alipokuwa anatafuta chaja ya simu.

Alikuja nyumbani kwetu Jumapili mchana, akanitupia daftari langu. Hakutaka kukaa.

"Umeniandika," akasema.

Nikamwambia, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, kwamba kwenye riwaya hakuna mwenye duka la dawa, kuna daktari wa meno.

"Huyo daktari wa meno ndiye mimi! Unadhani watu ni wajinga?"

Mshauri, daktari wa meno ni mwanamke na ana mapacha. Alipoondoka nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya tatu akaja fundi cherehani, yule mama anayeshona sare za shule, tepu ya kupimia bado iko shingoni, kama mtu aliyemwacha mteja kasimama dukani na mikono juu.

"Nani amekwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Usinifanyie uso wa malaika. Barua! Nani amekwambia habari za barua?"

"Nimetunga."

"Kama umetunga, mbona umepatia? Tena hujapatia vizuri. Saini si mbili, ni tatu, na mimi sijashona kitu kwenye koti la mtu, nakala iko kwa mwenyekiti mpaka leo!"

Kisha akaniziba mdomo kwa macho, maana alikuwa amegundua alichosema, akageuka, na mlangoni alikuwa amesimama mama yangu na beseni la nguo mbichi. Fundi akamwambia, "Shoga, mimi sijasema kitu," akatoka karibu anakimbia. Mama akaweka beseni chini, akaanza kuanika nguo humo humo sebuleni, shuka kwenye kochi, gauni kwenye kiti, soksi moja moja juu ya televisheni.

"Mama, saini ya tatu ni ya nani?"

"Ya kwangu."

Aliniambia akiwa amenipa mgongo. Kidato cha kwanza walikwenda kutembelea kiwanda cha maziwa, na kamati ikatoa wazazi watatu wa kusindikiza, kila mzazi na kundi lake na yule mwalimu wetu wa jiografia na kundi lake. Mama anafua mashuka hospitalini, siku hiyo alikuwa ametoka zamu ya usiku, akapitiwa na usingizi kwenye basi. Mwenyekiti na fundi walibaki kivulini wakipiga soga. Mwalimu alikuwa ndani peke yake na watoto wake, na mtoto mmoja wa kundi la mama akazurura mpaka kwenye chumba cha mitambo ya mvuke, mvuke ukamuunguza mkono kuanzia kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Jioni ile wale watatu walikutana nyuma ya duka la dawa wakamwandikia mkuu wa shule kwamba mwalimu alinuka pombe na alitelekeza wanafunzi. Mama anasema mwenyekiti alimwambia, "Ukitia saini, hakuna atakayeuliza nani alilala kwenye basi." Akatia.

Mwalimu huyo hanywi, mshauri. Hata soda alikuwa anasema inamkwaruza koo. Siku hizi anatoa fotokopi kwenye kibanda nje ya ofisi ya ardhi, na mwezi uliopita nilimsikia mteja mmoja akimwonya mwenzake asimwachie vyeti vyake halisi kwa sababu yule ni mlevi aliyefukuzwa ualimu, na mwalimu alikuwa palepale anapanga karatasi, anasikia.

Sasa Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna mkutano wa wazazi. Mwenyekiti ameshachapa karatasi ya mimi kusimama na kuisoma. Inaanza na kwamba nimetunga uongo, hilo sina ugomvi nalo, riwaya zote ni uongo, lakini inaishia hivi: "Ninathibitisha kuwa mwalimu aliyeondolewa aliondolewa kwa makosa yake mwenyewe." Halafu nikabidhi madaftari yote matano yakachomwe kwenye shimo la taka la shule. Nisipokubali, anasema cheti changu cha kumaliza shule sitakiona.

Mama ananisihi. "Soma tu, mwanangu, ni dakika mbili. Mimi nimebeba hili miaka miwili." Nikamuuliza, na yeye mwalimu amebeba nini? Tangu siku hiyo tunakula kila mtu anaangalia sahani yake.

Mshauri, sisomi. Tafadhali usinishauri nisome, nitachana gazeti. Hata nikitumwa dukani kuuliza bei hupeleka kikaratasi, lakini hiyo karatasi sisomi na madaftari sitoi. Nisichokijua ni hiki: nisimame Jumamosi niseme yote mbele ya watu na nimtaje mama yangu, au ninyamaze kama nilivyozoea na mwalimu aendelee kuitwa mlevi? Nampenda mama. Namwonea hasira mpaka nashindwa kumpokea beseni. Nisaidie haraka.

Ni mimi, Kimya.

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, gazeti lako halitachanika. Usisome karatasi hiyo. Wewe hukuwepo kiwandani, kwa hiyo huna cha kuthibitisha, na mtu mzima anayemwandikia mtoto maneno ya kuapia jambo asiloliona anajua vizuri sana anachofanya.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulipoambiwa saini ni tatu, ulifurahi. Usikatae, nimeiona furaha hiyo kwenye barua yako kabla mama yako hajafika mlangoni. Mwandishi anayepatia hufurahi, sawa, lakini kuna mtoto ana kovu mkononi na kuna mwalimu anafedheheshwa mbele ya mashine yake ya fotokopi, na hao si watu wa daftari la nne. Kwa hiyo Jumamosi usiipeleke riwaya yako mkutanoni, wala usiitaje kama ushahidi. Ukichanganya ulichotunga na ulichosikia, mwenyekiti atacheka, na wazazi wote watacheka naye, na atakuwa ameshinda bila kutoa jasho. Peleka madaftari kwa mtu asiye na mtoto shuleni hapo. Yakae huko.

Cheti ni chako. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi hatoi vyeti wala hazuii vyeti, anauza dawa. Kesho asubuhi nenda ofisi ya mkuu wa shule na maombi ya maandishi, maana kuandika unaweza, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Unaniuliza umtaje mama yako au unyamaze. Mbona unajipa njia mbili tu, na zote mbili mbaya? Mkutano ule ni uwanja wa mwenyekiti. Aliyechafuliwa ni mwalimu, na kwa miaka miwili hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kumwambia lolote. Si mama yako, si fundi, na wewe uliyekuwa unampenda ulisikia akiitwa mlevi ukapita. Anayepaswa kusikia kwanza ni yeye. Kama atataka kwenda kwa mkuu wa shule, kwa wakili, au mkutanoni, ataamua mwenyewe, na mtamfuata.

Nawe mama, maana najua binti ataliacha gazeti hili mezani: kulala baada ya zamu ya usiku ni uchovu, na ungesema siku ile ile, watu wangekulaumu wiki moja kisha wakakuelewa. Kutia saini uongo ni jambo jingine. Lile hukulifanya usingizini. Kitu ulichoogopa kuulizwa, mwanao ameshakuuliza, na bado anakuita mama. Sasa unaogopa nani? Mwenye duka la dawa? Hata saini yake imo humo humo. Andika kwa mkono wako ulipokuwa, uliyemwona, na usichokiona. Andika wazi kwamba mwalimu hakunuka pombe. Weka tarehe, tia saini kwa mara ya pili, na safari hii iwe ya kweli.

Binti, usimsaidie kutunga sentensi hata moja. Mpe siku tatu. Zikipita hajaandika, utakwenda kwa mwalimu peke yako, utamweleza alichosema fundi na alichosema mama yako, maneno yale yale, bila kuongeza taharuki, na ukishindwa kutamka mpe kikaratasi. Utakuwa umemuumiza mama yako. Ndiyo. Utamuumiza, na utarudi nyumbani umsaidie kuanua nguo.

Na Jumamosi, mwenyekiti akikuita mbele, baki umekaa. Sema "Sisomi." Ni neno moja. Wakikuuliza kwa nini, waambie wamwombe mwenyekiti alete nakala ya ile barua isomwe kwa sauti pamoja na saini zake zote. Ukimaliza, nyamaza, tena nyamaza kwa raha zako, maana hapo atakayetafuta maneno si wewe.

Lakini mama yako akiandika, na moyo wangu unaniambia ataandika, msisubiri Jumamosi. Mpeleke kwa mwalimu siku hiyo hiyo, saa za kazi, kibanda kikiwa na wateja. Atataka kusimama ng'ambo ya barabara kwanza. Atakwambia ana kiu, atakwambia mwalimu ana foleni, atakwambia turudi kesho. Mshike mkono, vuka naye. Mkifika, wewe kaa kando, usimsemee, na usimwachie mkono mpaka aseme.