Mugga Hayuko Mlimani

Efri-Brekka, Jumapili, 23 Mei 1993

Mpendwa mdogo wangu Svala,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na mumeo Detlef na mtoto wenu Wiebke. Huku tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao kila msimu wa kondoo kuzaa unanikumbusha kwamba nimetimiza hamsini na tatu. Mpaka leo wamezaa mia na kumi, na mapacha ni wengi. Yule kondoo maksai mwenye kengele, kiongozi wa kundi, anazunguka zizini kama mzee wa kanisa anayekagua viti.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nashukuru umeandika. Tangu tumzike Mama, miaka minne sasa, tumekuwa kama watu waliokutana stesheni. Kwenye simu tunagombana. Kwenye karatasi mtu anapata nafasi ya kumeza mate kwanza.

Unasema Mugga ni wako, kwamba Baba alikupa majira yale ulipoondoka, Mugga akiwa mwanafarasi wa siku mbili na miguu inamtetemeka. Ni kweli, nilikuwepo nimeshika ndoo. Lakini Baba alisema, "Huyu ni wa Svala, siku atakaporudi nyumbani." Wewe umekumbuka nusu ya kwanza tu. Siandiki hili kukuchoma, mdogo wangu, naandika tu ili liwe limeandikwa.

Baba akili yake inapungua. Asubuhi anajua kila kitu, hata jina la mbwa wa babu yake. Ikifika jioni ananiita kwa jina la Mama. Kila siku anampanda Mugga mpaka mtoni na kurudi. Juzi Mchungaji alimkuta njiani akamuuliza, "Mzee Ketill, safari ya wapi?" Baba akajibu, "Muulize farasi, mimi nimepanda tu." Tulicheka sana. Baadaye, nikikamua ng'ombe, nikaona kwamba hakuwa anatania.

Nimepiga magoti juu ya jambo hili. Umeniahidi kwamba nikimtuma Mugga kwa ajili ya Wiebke, mtakuja wote wakati wa vuli farasi wanaposhuka mlimani. Nimeona afadhali nipungukiwe na farasi kuliko ndugu. Jumanne Mchungaji anampeleka Baba mjini kwa daktari wa macho, na lori litakuja siku hiyo hiyo. Baba nitamwambia Mugga amekwenda mlimani na wenzake, kwa kuwa wote wanakwenda majira ya joto. Si mbali sana na ukweli. Kipande kilichobaki Mungu anisamehe.

Atakuja amevaa hatamu ya singa za farasi aliyoisuka Mama. Itunze.

Dada yako akupendaye,
Gróa


Holstein, 20 Juni 1993

Dada Gróa mpendwa,

Habari za siku nyingi? Mgongo umepoa? Huku sote hatujambo, na kuna joto la kutoa jasho.

Mugga amefika! Aliteremka kwenye gari akatazama ile miti mirefu kama mshamba aliyefika mjini, halafu akala nyasi bila kuinua kichwa saa nzima. Wiebke analala na picha yake chini ya mto. Detlef anamwita "kale kafarasi", nami namwambia, kale kafarasi kangekubeba wewe na tumbo lako kuvuka mito mitatu. Majirani wanakuja kuangalia mwendo wake. Nimewaambia wabebe kikombe cha kahawa kilichojaa, wakae mgongoni, tone halitamwagika. Dada, siku hiyo nililia. Nilijihisi nimeletewa kipande cha nyumbani.

Tutakuja vuli, Mungu akipenda. Msalimie Baba, lakini usimwambie salamu zinatoka wapi, asije akauliza mengi.

Mdogo wako,
Svala


Efri-Brekka, Jumapili, 3 Oktoba 1993

Mpendwa Svala,

Amani ya Bwana iwe kwako. Hamjambo? Sisi miili ni mizima.

Hamkuja. Nilitandika vitanda viwili. Sawa, Detlef alikuwa na kazi. Nikuambie yaliyotokea jana.

Farasi walishuka kama kila mwaka, wanaume wanaimba nyuma yao na chupa mifukoni. Baba alikuwa amevaa sweta ya kanisani tangu alfajiri. Nilimwambia, "Baba, baridi, baki." Akasema, "Na nani atamtambua Mugga? Wewe unayeshindwa kutofautisha maksai na mchungaji?" Akaja. Alizunguka zizi la kugawia farasi, ambamo kila shamba lina chumba chake, akapita vyumba vyote, akishika masikio ya farasi mmoja mmoja na kutazama alama ya mkato ya mwenye mali. Wote walikuwepo isipokuwa Mugga.

Halafu akaingia chumba cha Brynleifur wa shamba la Tunga. Unamkumbuka Brynleifur. Aliyebeba jeneza la Mama upande wa kichwa. Miaka sitini wamekuwa wakivuna majani pamoja.

Baba akamwambia, "Farasi wangu yuko wapi?"

"Yupi, Ketill?"

"Usinichezee. Wa kijivu. Umemkata sikio upya, au mmeshamchinja na kumtia chumvi kwenye pipa?"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa wazee. Brynleifur naye akacheka, akatoa chupa yake, "Nywa kidogo, ndugu yangu, upate joto." Baba akaipiga ile chupa ikaanguka kwenye matope. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo, "Sinywi na mwizi."

Kicheko kikakatika. Unajua neno hilo lina maana gani huku, Svala, na likisemwa mahali pale, mbele ya bonde zima, mabinti wa Brynleifur na wakwe zake wakiwa juu ya ukuta. Brynleifur alinitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme, "Baba amechoka, farasi tumemtuma kwa Svala." Maneno sita tu hayo. Nami nilitazama buti zangu. Niliona nikisema, wote watajua kwamba nimemwibia baba yangu mwenyewe farasi anayemrudisha nyumbani.

Leo kanisani benchi la Brynleifur lilikuwa tupu.

Nakuomba kitu kimoja. Mwandikie Baba kwa mkono wako kwamba Mugga unaye wewe. Mimi nikimwambia asubuhi atasema namfichia mwizi, na kufika jioni atakuwa kashasahau. Mwandiko wako atauamini. Fanya upesi.

Dada yako,
Gróa


Holstein, 30 Novemba 1993

Dada Gróa,

Hujambo? Samahani nimechelewa, Wiebke alikuwa na kikohozi, halafu nyumba ikapakwa rangi.

Nimesikitika kuhusu Mzee Brynleifur. Lakini wazee hugombana, dada, watapatana wenyewe. Kumwandikia Baba nimejaribu mara mbili. Nianzeje? "Baba, nilimchukua farasi wako ukiwa kwa daktari wa macho?"

Kuna jambo jingine. Mugga haonekani vizuri. Tangu Julai anaumwa na usubi, anajisugua kwenye miti mpaka singa za shingoni zimekwisha na ngozi imetoka damu. Daktari anasema farasi wa kwetu ngozi zao hazijui usubi, na kwamba kila kiangazi itakuwa hivyo. Kumvisha blanketi anakataa. Wiebke anaogopa vidonda, hataki tena kumpanda.

Nimewaza, tumrudishe tu. Aje kwa ndege majira ya kuchipua, Baba amwone, mambo yote yatulie. Unaonaje?

Mdogo wako,
Svala


Efri-Brekka, 12 Desemba 1993

Svala,

Salamu za Majilio. Tumewasha mshumaa wa tatu. Baba anasalimia dirisha.

Nilipofika pale uliposema "tumrudishe tu" niliweka barua chini nikaenda kulisha ng'ombe, maana nilikuwa na maneno mdomoni ambayo si ya mwezi huu. Miaka kumi na mitatu imekusahaulisha jambo linalojulikana na mtoto wa shule huku? Farasi akishatoka nchi hii harudi. Hata akiwa mzima, hata kwa siku moja. Hawataki magonjwa ya huko yaingie, na sheria hii imekuwepo tangu kabla ya babu yetu. Siku lori lilipotoka langoni nilijua simwoni tena. Nilidhani nawe unajua. Nilidhani ulipoomba ulikuwa umepima uzito wa unachoomba.

Brynleifur bado haji kanisani. Binti yake alikutana nami dukani akasema, "Mama Gróa, baba hali vizuri. Anauliza amemkosea nini Ketill." Nikamwambia tutaomba. Svala, nilisema tutaomba! Nami sijashiriki meza ya Bwana tangu Oktoba. Mchungaji anadhani ni mgongo unanizuia kupiga magoti.

Na Baba sasa anatembea kwa miguu. Mara mbili nimemkuta mtoni amesimama, hajui upande wa kurudi. Mbwa anakaa naye, lakini mbwa anamfuata yeye, hamwongozi.

Andika ile barua.

Gróa


Holstein, 2 Machi 1994

Dada yangu,

Natumaini uko salama. Sijui nianze wapi, kwa hiyo naanza na lililo gumu.

Mugga hayupo tena. Mwezi uliopita Detlef alimwita daktari wa mifugo na sindano yake. Alisema hatuwezi kumpitisha mnyama kiangazi kingine cha namna ile, na ni kweli, dada, ungeviona vile vidonda ungesema hivyo hivyo. Nilimshikia kichwa. Nilimsemesha kwa lugha yetu, maana hapa hakuna mwingine wa kuisema. Masikio aliyaleta mbele.

Wiebke ameshapata farasi mwingine, mrefu.

Barua kwa Baba mkono unakataa kabisa. Lakini nimeweka hatamu ya Mama kwenye kifurushi, nimekituma jana. Mwonyeshe Baba. Akiishika ataelewa, na Mzee Brynleifur ataelewa. Sivyo?

Nisamehe.
Mdogo wako, Svala


Efri-Brekka, Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili 1994

Svala,

Bwana amefufuka. Baba ni mzima wa mwili, nami pia.

Kifurushi hakikufika. Kimekuja kikaratasi kutoka forodha: vifaa vya farasi vilivyokwisha kutumika haviingii nchini, vimechomwa moto. Nao wametimiza wajibu wao. Singa zile Mama alizikusanya miaka miwili. Hilo nalo ulipaswa kulijua.

Basi Alhamisi Kuu nilikwenda Tunga mwenyewe, kwa miguu, kabla ya ibada. Brynleifur alikuwa anachonga meno ya reki jikoni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, hata koti sijavua. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Ketill nilimsamehe kabla sijapanda farasi kurudi nyumbani siku ile. Ni mgonjwa, kila mtu anajua. Sikuwa nimekaa hapa miezi sita kwa ajili ya Ketill."

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

Akasema, "Kaa unywe kahawa." Nikakaa, nikanywa. Lile neno nililoliomba hakunipa, na sikulidai. Usiku ule sikwenda kwenye meza ya Bwana. Jana alikuwepo kwenye benchi lake. Alimpa Baba mkono. Mimi aliniinamia kichwa tu, kama mtu anavyomwinamia mgeni.

Baba naye nilimwambia Ijumaa Kuu asubuhi, saa zake za akili. Nilimshika mikono. "Baba, Mugga hakuibiwa. Hayuko mlimani. Nilimtuma kwa Svala. Mugga ni wa Svala sasa." Kwamba amekufa nilikuwa nimejiandaa kulisema baada ya hapo.

Uso wake wote ukafunguka, sijauona hivyo tangu Mama alipokuwa hai. Akasema, "Kwa hiyo Svala amerudi?"

Ndivyo alivyoahidi, unakumbuka. Wako siku utakaporudi. Kichwani mwake Mugga hawezi kuwa wako kwa njia nyingine. Yeye nusu ya pili hajaisahau.

Sikuweza kuendelea. Chakula cha mchana alitoa kikombe chako cha bluu kabatini, kile kilichomeguka mdomo, akakiweka mezani. Halafu akaenda langoni.

Sheria iliyomzuia Mugga haikuhusu wewe, Svala. Ndege ni ile ile. Njoo tu, hata siku tatu.

Dada yako,
Gróa


Efri-Brekka, Jumapili, 2 Oktoba 1994

Mdogo wangu Svala,

Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani mwako. Sijapata jibu la barua ya Pasaka wala ile ya Julai, basi naandika hii ya mwisho kabla njia haijafunikwa na theluji.

Jana farasi walishuka. Baba alitaka kwenda na sikumzuia. Hakutazama sikio la farasi hata mmoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Brynleifur, akamshika bega, akamwambia kwa furaha, "Mwaka huu sigawi. Svala yuko nyumbani. Amempanda Mugga, wanakuja nyuma."

Nilifumba macho. Nilisema moyoni, sasa Mzee Brynleifur ana haki ya kusema lolote.

Brynleifur akatoa chupa, akampa Baba anywe kwanza. Akasema, "Nimewaona, Ketill. Wako pale mtoni. Wanakuja polepole."

Baba akanywa, akacheka. Wengine wakaanza kuitikia: ndiyo, tumewaona, amekaa vizuri mgongoni. Bonde zima, Svala. Watu ambao hawajawahi kusema uongo hata juu ya uzito wa kondoo.

Kikombe chako bado kiko mezani, Baba hataki kiondolewe. Kila jioni nakiosha pamoja na vingine, kikavu kama kilivyokuwa asubuhi.

Gróa