Sukari Aliyoificha Athieno

Kisoko, Tororo

Mdogo wangu Mwakio,

Hamjambo hapo Voi? Mama kaamkaje, na nyayo zake bado zinawaka moto usiku? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi. Ujumbe wako nimeupata, unajisifu kwamba umeondoa sukari yote nyumbani kwa Mama kama nilivyokuagiza, hata ya wageni. Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe huitikia tu "sawa dada", na hili nataka ulisome mara mbili. Umenitia hofu.

Unajua kazi yangu ni kuwauguza watu majumbani mwao. Yumo Mzee Owori, ana ugonjwa wa sukari kama Mama, naye pia hudungwa sindano ya kushusha sukari kila asubuhi. Mwanawe Okoth ni mkali. Niliposema mzee asiguse sukari, alilishika neno langu kama amri ya kanisani.

Juzi nafika, namkuta mzee kitini, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Kumbe alishadungwa sindano, kisha akaususia uji kwa kuwa haukuwa na sukari. Nikampima, nikasema sukari imeshuka sana. Athieno, mke wa Okoth, akapiga magoti kumshukuru Mungu. Mwakio, walidhani amepona!

Nikaomba sukari upesi. Okoth akasimama mbele yangu na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Wewe mwenyewe nasema sukari naua mzee. Leo nataka mpa?"

Nikamweleza kwamba ugonjwa tunauita sukari, lakini sukari ikipungua mno mwilini nayo inaua, tena upesi zaidi. Hakunielewa. Aliona tu muuguzi mgeni anayegeuza maneno. Na hata angekubali, nyumba ile haikuwa na punje, na duka liko ng'ambo ya bonde. Mzee akaanza kusinzia. Sikufichi, niliogopa.

Athieno ndiye aliyeinuka. Akaingia chumbani, akarudi na kifuko cha sukari. Alikuwa amekificha katikati ya nguo zake, ajipikie chai mumewe akienda shamba. Hakumtazama Okoth.

"Chai bila sukari mimi nashindwa," alisema, akanikabidhi.

Tukaikoroga kwenye maji, nikamnywesha mzee kidogo kidogo maadamu bado alikuwa anameza. Baada ya kitambo akafumbua macho, akauliza mbona tunamkodolea hivyo. Okoth akatoka, akaenda kulia nyuma ya ghala la mtama. Nilimwacha alie.

Sasa nisikilize. Nunua sukari leo, uiweke mahali Mama anapoifikia. Akitetemeka, akitoka jasho au akiropoka, mpe maji ya sukari kwanza, maswali baadaye. Akishindwa kumeza, usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na asidungwe sindano kabla chakula hakijawa tayari mezani. Uji akiukataa, mbembeleze, usimfokee, nakujua wewe.

Mpe pole mkeo kwa kukuvumilia. Mama mdogo umwambie vitenge alivyoniagiza nimeviona, na mjomba fundi cherehani akae tayari kuvishona.

Mzee Owori yu hai kwa sababu nyumbani mwake alikuwepo mtu asiyenitii. Kwetu nyote mnanitii, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Dadako akupendaye hata akikugombeza,
Mkamburi