Umeshatengeneza?

Tarehe 3, mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu kwako na kwa hilo goti lako la kushoto. Kitinda hajambo? Mwambie kaka yake anamsalimu, na aache kukujibu kwa mkato.

Keti kwanza, Mama. Umekaa? Nimeokoka. Jumapili iliyopita, saa tano asubuhi, mbele ya watu wote, nikiwa na shati lenye doa la grisi kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja. Miaka kumi na tisa umeniombea, sasa pumzika, tafuta mwingine wa kumsumbua Mungu naye.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wenzangu walioongoka siku ile wanasema wamekuwa wepesi. Mimi nina woga ambao sikuwa nao hata nilipokuwa mlevi. Kengele ya mashine ikilia, naruka. Nikifumba macho kuomba, mdomo unakauka. Mchungaji anasema ni shetani amekasirika kuniachia. Labda. Pale kiwandani kazi zinaendelea, mashuka ya hospitali hayaishi kufuliwa wala kupigwa pasi, na fundi wa mashine zote ni mimi. Niombee tu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia amina.

Mwanao

*

Tarehe 15, mwezi wa pili

Mwanangu wa kwanza,

Marahaba, marahaba, marahaba. Sisi wazima. Sikukaa kama ulivyoagiza, lini niliwahi kukutii? Nilisoma nimesimama, nikapiga goti hilo hilo bovu, na kunyanyuka ikabidi Kitinda anivute. Tumelia na kucheka. Jirani kaja kuuliza nani amekufa.

Sasa nakuuliza jambo moja: umeshatengeneza? Maana usipotengeneza, huo woga hauendi popote, hata mchungaji akemee mpaka sauti imkauke.

La pili. Kitinda amemaliza shule na hapa nyumbani kazi yake ni kugombana na kuku. Kumbe amemwandikia msimamizi wenu kimya kimya, na amepata nafasi ya kupasi mashuka hapo hapo kwenu! Anaanza mwezi wa tatu. Alitaka akushtue, lakini unanijua, sina kifua. Namshonea magauni mawili ya kazi, yenye mikono mirefu na mipana, ya heshima, ili watu wajue ametoka kwa nani.

Mama yako

*

Tarehe 24, mwezi wa pili

Mama,

Shikamoo. Nani amekuambia?

Barua yako niliisoma kwenye benchi la karakana. Nilipofika kwenye lile swali nikaikunja nikaitia ndani ya soksi. Jambo hili tunalijua mimi na Mungu, na Mungu sidhani kama anakuandikia. Ni yule dada? Amekupataje?

Basi kama unajua, ujue yote. Mashine ya kupasi ina rola mbili za moto, na shuka linaingizwa katikati yake kwa mikono. Mbele ya rola kuna ubao mwembamba wa chuma. Vidole vikiugusa, mashine inasimama papo hapo na kengele inalia. Shida ni kwamba hata shuka likijikunja inasimama, na msimamizi alikuwa akifoka kila iliposimama. Mwaka jana nikaufunga ule ubao kwa waya, usicheze tena. Mashine zote tatu. Hakuniagiza, lakini hakuuliza kwa nini zimeacha kusimama. Alinipiga bega akaniita fundi mkuu, nami nikafurahi.

Mwezi wa saba mashine namba moja ikala mkono wa kulia wa dada mmoja wa kazini. Mimi ndiye niliyekimbia kuizima na kuzirudisha rola nyuma ili atoke. Walipokuwa wanambeba kumpeleka nje, nikaukata waya nikautia mfukoni. Wakaguzi walipokuja waligusa ubao, mashine ikasimama vizuri kabisa. Wakaandika kwamba dada alikuwa anasinzia, na ubao aliuinua mwenyewe ili mashine isisimame. Akafukuzwa kazi bado ana bandeji. Nilikuwepo ofisini wakati karatasi ile inasomwa. Niliitikia kwa kichwa pamoja na wengine.

Unaniuliza kama nimeshatengeneza. Hapana. Namba moja ni nzima tangu siku ile, lakini namba mbili na namba tatu bado zina waya. Nikiutoa zitaanza kusimama, na watu watauliza kwa nini zilikuwa hazisimami. Kuna jela hapo, Mama. Naiona kama ninavyoiona karatasi hii.

Usimlete Kitinda. Mfungie ndani, sema ana surua, sema lolote.

Mwanao

*

Tarehe 6, mwezi wa tatu

Mwanangu,

Marahaba. Kama sisi ni wazima sijui.

Hakuna aliyeniambia kitu. Kutengeneza! Si neno letu la ushirika hilo, ulilolisikia tangu ukilala kwenye mkeka wakati sisi tunaomba? Mtu akiokoka anarudi kwa aliyemkosea, anataja kosa lake kwa jina, anarudisha alichochukua. Mimi nilitengeneza na mama mkwe wangu, nikampelekea sufuria yake niliyosema imeibwa. Nilidhani nawe una sufuria mahali. Nilikuuliza habari za roho, ukanijibu habari za mashine, na sasa najua nisichotaka kukijua.

Kitinda ameondoka juzi na basi la asubuhi. Barua yako imefika leo. Ameondoka amevaa lile gauni.

Nisikilize. Miaka ishirini na sita nasimama ushirikani nikiwaambia watu watoke gizani, waseme dhambi zao hadharani. Leo nakuambia wewe unyamaze. Mungu ameshakusamehe, polisi unawaendea wa nini? Toa huo waya polepole, useme mashine zimechakaa. Yule dada mwombee. Hata ukifungwa mkono wake haurudi. Nilimzika baba yako nikiwa na nguvu, sasa sina nguvu za kuja kukutazama kwenye nondo.

Barua hii ichome. Safari hii nina kifua.

Mama yako

*

Tarehe 28, mwezi wa tatu

Mama,

Shikamoo. Siku zote nakuandikia mimi mzima, hofu kwako. Leo hofu yote iko kwangu, sijakubakizia hata kidogo.

Nimekutii, nimenyamaza. Nilitoa waya wa namba mbili, kwa sababu ndipo walipomweka Kitinda. Siku ile ilisimama mara kumi na saba. Msimamizi akaja. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Fundi, irudishe ilivyokuwa." Sikumwuliza ilikuwaje. Anajua, Mama. Na mimi nikairudisha. Nimefunga ule waya kwa mikono yangu, mdogo wangu kasimama kando ananishikia bisibisi na kuniuliza kama nimekula.

Sasa kutwa nazunguka pale na kopo la mafuta, napaka mahali nilipokwisha kupaka. Wenzangu wananitania kwamba kuna mtu nimempenda. Kitinda anaimba zile nyimbo zako na anaingiza mashuka haraka kuliko wote. Mikono ya gauni lako ni mipana mno, inatangulia vidole. Nimemwambia aikunje. Anasema Mama atanuna.

Jumamosi nilikwenda kwa yule dada. Nilijiambia naenda kumwombea tu, kama ulivyosema. Anaishi chumba kimoja nyuma ya kinyozi. Nilimkuta anakunja sare za watoto wake kwa mkono wa kushoto, kola kaishika kwa meno. Akanikalisha kwenye kiti, na kiti ni hicho kimoja. Unajua alisema nini? Alisema ahsante. Akawaita watoto waje wamwone fundi aliyemtoa mama yao kwenye mashine. Wakaniamkia mmoja mmoja. Nikanywa chai yake, nikamwombea kwa sauti nzuri, nikaondoka. Tangu hapo nikifumba macho sina neno hata moja la kumwambia Mungu.

Kila kengele ya chakula ikilia nahesabu vidole vya Kitinda kwa mbali.

Mwanao

*

Tarehe 5, mwezi wa nne

Mwanangu,

Salamu baadaye. Nimekupigia simu mara tisa hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi, hapo hapo kazini.

Ile barua yangu ifute. Kama uliichoma, mimi bado nayakumbuka maneno yake na yananiunguza. Jana nilisimama ushirikani. Nikasema: mimi niliyewafundisha kutengeneza nimemwambia mwanangu afiche, naye kwa mara ya kwanza maishani mwake amenitii, na sasa binti yangu anafanya kazi mbele ya huo waya. Kisha bibi mmoja wa kiti cha nyuma, yule anayesinzia kila wiki, akasema, "Basi si ukaandike nyingine, unangoja nini hapo?" Ndiyo hii.

Naogopa, mwanangu, sikufichi. Naogopa jela yako kuliko ninavyoogopa kaburi langu. Lakini ile chai imenitia hofu zaidi. Ukizoea kunywa chai ile, hakuna chai itakayokushinda. Nilikuombea miaka yote hiyo uwe mtu mpya, kisha nikataka Mungu akufanye mpya bila kukugusa.

Nenda kwa yule dada. Sema: waya niliufunga mimi. Usimtaje shetani, usimtaje msimamizi. Wala usimwombe msamaha kabla hajamaliza kukutazama.

Lakini kwanza, kabla hujafika mwisho wa mstari huu, ondoka kwenye hilo benchi ukakate waya.

Mama yako

*

Tarehe 19, mwezi wa sita

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, na hofu tugawane nusu kwa nusu.

Najua Kitinda amekusimulia vipande vipande kwa simu. Mimi sikuwa na ulimi mpaka leo.

Dereva alinikuta saa nne asubuhi. Mstari wako sikuumaliza. Nilizima umeme wa kiwanda kizima, nikakata nyaya za namba mbili na namba tatu mbele ya watu. Pale kwetu hapajawahi kuwa kimya vile, nilisikia maji yakidondoka chumba cha pili. Nikasema nilichofanya, tangu mwanzo. Sauti ilitoka ndogo mpaka mama mmoja wa nyuma akasema, "Sema tusikie." Nikarudia. Msimamizi akawaambia nimechanganyikiwa na dini. Kitinda alinitazama kama mtu asiyenijua, akaitazama mikono yake, akakaa chini sakafuni.

Kutoka pale nikaenda kwa yule dada na nyaya zote tatu. Ule wa kwanza nilikuwa nao siku zote kwenye sanduku la vifaa.

Hakunisamehe, Mama. Nakuambia ili ushirikani usije ukasema amenisamehe. Nilimweleza nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukalia kile kiti. Alinitazama muda mrefu sana. Akawatoa watoto nje, akauliza, "Wa kwangu ni upi?" Nikamwonyesha. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaugeuzageuza. Akasema, "Twende ukawaambie sikusinzia." Tukaenda polisi kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma.

Kazi sina, na niko nje kwa dhamana. Kesi inasikilizwa Alhamisi, na wanaojua sheria wanasema miaka inaweza kuwa mingi. Msimamizi naye ameitwa. Kiwanda kimemwandikia dada karatasi nyingine, yenye jina lake, kwamba hakusinzia. Nimesikia ameitundika ukutani juu ya kitanda. Hilo tu ndilo ninaloshika mkononi nikifikiria Alhamisi. Napoteza funguo, nasahau kula. Lakini nikiomba mdomo haukauki. Sijui kama huo ndio wepesi waliousema wenzangu. Kama ndio, basi walisahau kusema kwamba unakuja pamoja na kutetemeka. Lile swali lako niulize tena baada ya Alhamisi, nitakujibu popote watakaponiweka.

Mashine sasa zinasimama ovyo kutwa nzima. Kitinda anasema kila namba mbili ikisimama, wanawake wanaambiana, "Fundi anasalimia," wanacheka, wanalinyoosha shuka, wanaendelea.

Jumatatu ilisimama Kitinda akiwa katikati ya wimbo. Wakadhani ni shuka. Walipotazama, mkono wa gauni lake ulikuwa umeingia kwenye rola, na vidole vimeugusa ule ubao. Gauni tu, Mama. Ikabidi walikate kwa mkasi kumtoa. Alikuja kwangu hapo hapo, hajabadili hata nguo, nikavihesabu vidole vyake kumi, nikavirudia, mpaka akaninyang'anya mikono.

Kipande kilichoungua nimekitia humu kwenye bahasha. Anaomba umshonee gauni jingine, la rangi hiyo hiyo, mikono iwe mifupi.

Mwanao