Mkono Ulionificha

Mama,

Leo nakuita hivyo bila kuangalia chini. Ulipokuwa hai sikuwahi kukutazama machoni, mimi mume wa binti yako Mwanasha, kwa kuwa mkwe na mkwe hawatazamani. Ulikuwa ukiniletea mkate wa sinia, unauweka mlangoni, unakohoa, unaondoka. Nilikipenda kikohozi kile.

Lakini nimekasirika, Mama. Mwenyezi Mungu akurehemu, nimekasirika.

Presha yako ilitulia alipokuwapo Sista Riziki. Alikupima, akakugombeza kwa chumvi, alipoona miguu inavimba akakubadilishia dawa. Walipomhamisha, nikabaki muuguzi peke yangu katika zahanati yetu, mwanamume, tena mkweo. Siku ya kliniki ukafika, ukaniona dirishani, ukajifunika leso vizuri, ukarudi nyumbani.

Nikamfundisha Mwanasha kutumia mashine ya kupimia presha, nikampa aje akupimie kwako. Ukamwambia, "Mashine hiyo ni mkono wa mkwe wangu. Mrudishie." Hospitali ya Msambweni, ulisema, ungekwenda baada ya Ramadhani, kisha baada ya harusi ya Halima wa jirani, kisha mvua ikatike. Nikawa nakutumia dawa ile ile, sijui kama inatosha. Kumpa mtu dawa ya presha bila kumpima ni kukisia tu, nami nilikisia kwa heshima zote.

Siku ulipoanguka uani, nani alikubeba hadi kwenye tuktuk? Mimi. Leso ilikutoka kichwani, na mkono ule ulionificha ulikuwa umelegea begani mwangu njia nzima mpaka Msambweni. Hakuna aliyenikumbusha ukwe.

Na matangani wakakusifu! "Marehemu alikuwa na staha, hata mkono hakumwonyesha mkwewe." Wengine wakaitikia, mashaallah. Mimi nilikuwa nje karibu na sufuria ya pilau, nikatamani kuipiga teke.

Sasa dada yako, Mama Saumu, naye ana presha. Wiki iliyopita alifika kliniki, akaniona, akageuza njia. Nilitoka mbio na sare yangu, nikapiga kelele barabarani mbele ya wauza samaki: "Mama, shikamoo, rudi! Lete mkono!" Akanitukana, mkwe gani mimi nisiye na haya, nimelelewa wapi. Wauza samaki walicheka. Lakini alirudi. Aliketi akinipa mgongo, uso ukutani, akaninyooshea mkono bila kugeuka, huku bado ananitukana. Presha ilikuwa juu sana. Nimembadilishia dawa na kumwambia arudi tena.

Mwanasha ananuna, anasema nimewaaibisha. Anazungumza kama wewe, na hilo linaniuma kuliko matusi.

Kwa heri, Mama. Mlangoni hakuna anayekohoa tena, chai nainywa kavu. Nakuahidi jambo moja: dada yako atanitukana kila siku ya kliniki, inshallah, mpaka awe kikongwe.

Mkweo,
Bakari